Samaki Hachungwi Kama Ng'ombe

Nimeacha maji mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza. Nimeacha mwenyewe kwa sababu ya magoti yangu, hakuna mtu aliyeniambia niache. Naliandika hilo mwanzo kabisa kwa kuwa pale mwaloni, tunapoegesha mitumbwi, wapo waliokwisha kutangaza kwamba nimeachishwa, na wengine wanasema afadhali, sasa mitumbwi itapumua. Mitumbwi haipumui. Anayepumua ni mimi, tena vizuri, na penseli ninayo.

Kusoma nilijifunza darasa la ubatizo. Kuandika nilijifunza nusu, kwa sababu mwalimu alihamishiwa Itigi kabla hatujamaliza herufi kubwa. Nikikosea, sahihisheni kimoyomoyo mwendelee. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi ya samaki hapa Kitangiri, wanaume kwa wanawake. Narudia, kwa wanawake. Anayekereka na neno hilo aishie hapa, karatasi atasokotea tumbaku.

Mimi sikuzaliwa ziwani. Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe, na kwetu samaki alikuwa nyoka aliyepata bahati ya kukosa sumu. Mama yangu aliwahi kuvunja chungu kizima kwa sababu mpita njia alichemshia humo kambare. Chungu kizuri, cha kupikia ugali wa watu wengi. Mpaka leo nikikikumbuka naona uchungu. Nikaolewa huku karibu na maji, na hata huku watu walilima mtama na kuchunga, wakalipa ziwa mgongo. Waliovua walikuwa wageni kutoka ng'ambo, Wasukuma wengi, na wenyeji wachache ambao jamaa zao waliona haya kuwataja.

Mume wangu alikufa kiangazi, kwa homa. Matanga yalipoondolewa, wazee wa ukoo wakakaa, na shemeji yangu Msengi, mdogo wa marehemu, akasema yuko tayari kunirithi. Alisema kama mtu anayejitolea kubeba mzigo wa mwenzake, huku ng'ombe wa marehemu alikwisha kuwahamishia zizini kwake siku ya tatu ya msiba, eti awatunze. Mimi nikasema sitaki. Nilikuwa nimekaa nimegeuka upande, kama mkwe anavyotakiwa mbele ya baba mkwe, lakini neno lilitoka limenyooka.

Msengi akacheka. "Hutaki nini, shemeji? Watoto watakula hilo hutaki lako?"

"Watakula kazi yangu."

"Kazi gani? Una jembe moja."

Wakabishana mpaka baba mkwe wangu, mzee Kitundu, akachoka. Mzee huyu hakuwa mpole wala mwenye busara ya kusifiwa. Alikuwa mtu wa ugoro aliyependa mambo yaishe akalale. Akasema, "Basi. Mtama wa msimu huu ukivunwa tutakuja kutazama kihenge chake cha nafaka. Tukikuta chakula cha watoto, abaki alipo, na mtu asinisumbue tena. Tukikuta kitupu, atahamia kwa Msengi, yeye na wanawe, bila maneno."

Wote waliridhika, kwa sababu wote walijua kihenge kitakuwa kitupu. Jembe moja, mikono miwili, watoto wadogo. Mimi nami nilijua. Nikatazama huku na huku nione ni kitu gani hapa duniani hakijawekewa mwenyewe, nikaona ziwa.

Aliyenifundisha aliitwa Masanja, Msukuma, mzee mwenye bega moja bovu na ulimi mzima kabisa. Nilimkuta anasuka mgono, ule mtego wa fito ulio kama kapu refu, wenye mlango mpana unaozidi kuwa mwembamba ndani, samaki akiingia haoni pa kutokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umepotelewa na ng'ombe?"

"Natafuta kazi."

"Mnyiramba anatafuta kazi majini!" Akawaita wenzake waje kunitazama. "Njooni muone, leo mvua itanyesha mawe."

"Mawe yakinyesha, Msukuma ndiye atayaokota akadhani ni viazi."

Sisi na wao ni watani, kwa hiyo tulipomaliza kutukanana tulikuwa tumekwisha kujuana. Akakubali. Malipo yake yalikuwa ugali, kila siku, wa moto. Alisema ugali wake mwenyewe alikuwa anaupika mpaka anaogopa kuula.

Kusuka nilijua upesi, maana vikapu nilikuwa nasuka tangu utoto. Kosa langu kubwa lilikuja kwenye kutega, na naliandika kwa sababu mpaka leo naona watoto wa wafugaji wanalifanya hilihili, kisha wanasema ziwa lina mkosi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, vijito vimejaa na majani ya mbugani yamelowa. Masanja akanionyesha kijito, akaniambia tega, akaenda zake. Nikatega migono yangu asubuhi, milango ikitazama ziwani. Jioni nikarudi, nikaingia majini, nikaigeuza yote itazame nchi kavu. Kesho yake asubuhi nikaigeuza tena. Nikaendelea hivyo, asubuhi na jioni, nikikoroga tope mpaka kiunoni, na sikupata hata dagaa wa kumdanganyia paka. Masanja akanikuta nikiwa katikati ya shughuli.

"Unafanya nini?"

"Nageuza milango, babu. Asubuhi wanatoka, jioni wanarudi."

"Akina nani?"

"Samaki."

Mzee alikaa chini kwenye majani mabichi. Nilidhani ameumwa bega. "Wanakwenda malishoni," akasema.

"Ndiyo."

"Na jioni wanarudi zizini. Umewapa na majina?"

Nilikasirika mpaka nikataka kumwachia mitego yake. Kumbe nilikuwa nimefanya kitu ambacho mtoto wa kwetu hawezi kuacha kufanya bila kuambiwa: nilidhani kila chenye roho kinalala nyumbani. Alipomaliza kucheka ndipo akanifundisha, nami nawapa kama alivyonipa. Mvua za kwanza, kambare anatoka ziwani anapanda vijito kwenda kutaga kwenye majani yaliyofurika. Anapanda tu, harudi leo wala kesho. Wakati huo mlango wa mgono utazame ziwani anakotoka. Mvua zikikatika na maji yakianza kushuka, anateremka yeye na watoto wake. Hapo ndipo mlango utazame mlimani. Mgono unageuzwa mara moja kwa msimu. Katikati hapo uache. Usiuguse, usiuchungulie, usisimame juu yake na jua mgongoni kivuli chako kikalala majini kama nguo iliyoanikwa. Samaki hachungwi kama ng'ombe. Ng'ombe anataka uwepo. Samaki anataka usiwepo.

Nikaiacha migono bila kuigusa. Nikaanza kupata. Kisha nikafanya kosa la pili, ndugu wa lile la kwanza. Nilitafuta mahali papya pa kutega, nikaona njia nzuri kwenye matete, pana, imekanyagwa laini mpaka majini. Kwetu njia iliyokanyagwa ndiyo njia salama, inakupeleka kwenye maji na inakurudisha. Nikatega pale mitego yangu mizuri kuliko yote. Asubuhi nikakuta fito zimesagwa kama karanga kwenye kinu. Ilikuwa njia ya kiboko. Masanja hakucheka safari hii. Alinishika mkono akanitoa pale, akaniambia mitego inasukwa mingine lakini mtu hasukwi. Njia ya matete iliyo safi, isiyo na mtu aliyeifyeka, ina mwenyewe. Pita mbali.

Mengine nayasema kwa mkato. Kambare usimkamate tumboni, ana mwiba kila upande wa kifua; mshike nyuma ya kichwa, ukaze, usimwonee huruma. Kidole changu hiki cha katikati hakikunji vizuri mpaka leo kwa sababu nilimwonea huruma mmoja. Kamongo usimtie kidole mdomoni hata kama amekaa nje tangu asubuhi na unadhani amekufa. Hajafa. Anakungoja. Samaki wa masika usimwanike juani ukaenda zako, atajaa funza. Mbanike juu ya kichanja kwa moshi wa taratibu, mavi makavu ya ng'ombe na kuni mbichi kidogo, na ukae hapohapo. Hilo la mavi ya ng'ombe lilikuwa jambo pekee nililomfundisha mimi Masanja, na aliliiba siku ileile akawafundisha wengine kama lake.

Nimekumbuka Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali. Alikuja mara moja na hema, kiti cha kukunja na fimbo nyembamba yenye uzi, akakaa ufukoni kutwa nzima na kofia yake. Jioni akavuta perege mzuri, mnene. Akamtazama, akamsifu, akamrudisha majini. Tulishtuka. Masanja alisema labda amemwona ana ugonjwa, na kwa muda watu hawakula samaki wa upande ule. Baadaye karani akatueleza kwamba kwao mtu anavua kwa kustarehe. Basi. Mimi nilivua kwa sababu wazee watakuja kutazama kihenge, na sijawahi kumrudisha samaki aliyeshika adabu ya kunenepa.

Sasa nzige. Mtama ulikuwa umefika magotini, na nilikuwa nimeanza kuhesabu kwamba jembe langu moja na migono yangu vitanifikisha. Wakaja mchana, wakashuka, na walipoinuka shamba lilikuwa vijiti. La kwangu na la kila mtu, pamoja na la Msengi. Nilikwenda kwa mzee Kitundu, nikakaa upande, nikamwuliza kama neno lake la kihenge bado lipo, maana nzige si kosa la mtu.

"Lipo," akasema. "Nzige wamekula mtama. Hawakula neno langu."

Nilitoka pale nikimtukana moyoni kwa lugha zote mbili ninazozijua. Lakini nilielewa nilipo. Shamba hakuna. Samaki ninao kiasi, lakini wazee hawa hawamhesabu samaki kuwa chakula. Kihenge chao ni cha nafaka. Kwa hiyo samaki ageuke mtama, na mtama haukuwapo Iramba nzima ila mahali pamoja: Sekenke, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako malori yalileta posho ya wachimbaji kutoka mbali. Wachimbaji walikuwa watu wa kila kabila, na walikuwa wamechoka kula ugali na chumvi.

Tatizo ni kwamba maji yalikuwa yanashuka. Vijito vilikonda, migono ikabaki kwenye tope. Samaki wote walikuwa kilindini, na kilindini hufiki kwa miguu. Nikamwendea Masanja.

"Babu, nipandishe mtumbwi."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mwanamke akipanda mtumbwi samaki wanahama. Hiyo haikuanza na mimi."

"Basi nipandishe siku ambayo hutaki samaki."

Akafikiri. Hiyo ndiyo niliyompendea yule mzee, kwamba akisikia neno jipya alilitafuna kabla ya kulitema. "Siku ambayo sitaki samaki naingia majini kufanya nini?"

"Kunifundisha kusukuma mtumbwi kwa upondo. Bega lako hilo linakuua, nakuona. Unausukuma mtumbwi huku unauma meno."

Akalisugua lile bega. Kisha akawatazama wenzake waliokuwa wanatengeneza nyavu za uzi wa pamba, akasema kwa sauti wasikie, "Huyu leo si mwanamke. Huyu ni upondo wangu."

"Upondo wenye kaniki!" mmoja akapiga kelele.

"Mbona wako hauna hata nguo?" nikamjibu, nikapanda.

Sitawadanganya, kwa sababu wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba samaki waliruka wenyewe ndani. Siku hiyo hatukupata kitu. Nilisimama wima kama mchungaji juu ya kichuguu, kosa la kila anayeanza, mtumbwi ukalala, tukaloa wote wawili, na kata ya kukumbia maji ikaenda na mawimbi. Ufukoni walishangilia. Wakasema mmeona, samaki wamehama. Kesho yake nikarudi. Hatukupata kitu. Kesho yake tena nikarudi, na mmoja wao akasimama mbele ya mtumbwi akanyoosha mikono, akasema mama, unatuharibia ziwa. Nikamwambia, "Jana nyinyi mlikwenda upande wa pili, mimi sikuwepo. Mlipata ngapi?" Zilikuwa siku za upepo mkali, na hakuna aliyepata. Nikamwambia, "Basi samaki wamenihama mimi wamewahama na nyinyi? Wameenda wapi, Sekenke?" Masanja akasema, "Pisha upondo wangu." Akapisha.

Upepo ulipotulia, tukapata. Perege kwanza, kisha kambare wakubwa. Nilijifunza kupiga goti moja nikisukuma, kusoma rangi ya maji, kutupa chambo upande upepo unakotoka. Bega la Masanja likapumzika na samaki wake wakaongezeka, na tulipofika hapo hakuzungumza tena habari za mimi kuwa upondo. Alianza kuniita "mwenzangu". Wengine ufukoni waliendelea kusema. Mpaka leo wanasema, watoto wao wanasema, na sasa wana nyavu za nailoni na bado wanasema. Nailoni haijawasaidia kichwa.

Nilibanika, nikafunga mizigo, nikaenda nayo Sekenke kwa miguu na wanawake wengine wawili waliokwenda kuuza vyungu. Ni safari ya kulala njiani, na mteremko ule wa kwenda bondeni unavunja magoti; magoti haya ninayoyalalamikia leo yalianzia pale. Wachimbaji walininyang'anya mzigo kwa kuubadilisha kabla sijautua vizuri, pishi kwa pishi, mtama wao kwa samaki wangu. Mmoja wao, Mgogo wa Kintinku, alimnusa kambare wangu akafumba macho akasema, "Dada, huyu ananikumbusha nyumbani." Nikampa na kichwa cha ziada. Nikarudi, nikavua, nikabanika, nikaenda tena. Watoto alinitunzia mke wa Msengi, maana yeye na mimi hatukuwa na ugomvi wowote. Yeye alikuwa na sababu zake za kutotaka nihamie kwake.

Wakati wa mavuno ukafika bila mavuno. Wazee wakaja. Mzee Kitundu mbele na kopo lake la ugoro, Msengi nyuma yake na kamba begani, akiwa amejiandaa kufunga mizigo yangu. Niliiona ile kamba. Nikakaa upande wangu, nikasema karibuni, nikaonyesha kihenge kwa kidevu.

Mzee mmoja akafunua kifuniko. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa umejaa mtama, akautazama, akautazama tena kana kwamba utageuka.

Msengi akaja haraka, akainama, akanusa. "Huu si mtama," akasema.

"Ni nini?" mzee Kitundu akauliza.

"Una shombo, baba. Huu ni samaki. Mwanamke wa ukoo wetu ameingia mtumbwini na Wasukuma, kila mtu anajua, amepata nyoka, akawapelekea watu wa machimbo. Tulisema chakula. Hatukusema aibu."

"Tulisema kihenge," nikasema. Nilijua sipaswi kusema kabla sijaulizwa. Nikaendelea. "Shemeji, ukitaka kuniambia nimekosa, niambie nimekosa wapi. Watoto wako pale. Waguse mbavu. Kisha kawaguse wa kwako."

Nilihisi nimekwenda mbali, na nikahisi vilevile kwamba nikirudi nyuma hata hatua moja watafunga mizigo. Sikurudi.

Mzee Kitundu akavuta ugoro, akapiga chafya, akafuta pua taratibu. "Msengi. Kihenge chako kina nini?"

"Baba, nzige wamekula, wewe mwenyewe..."

"Sikuuliza nzige. Kina nini?"

"Hakina kitu."

"Na ng'ombe wa marehemu?"

"Nimewabadilisha kwa unga. Tumebaki na ndama mmoja."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayejaribu kutoa maji sikioni. "Basi nielezeni, maana mimi ni mzee sasa. Hapa nani anamrithi nani?"

Wanawake waliokuwa nyuma ya nyumba walicheka mpaka mmoja akakohoa. Wazee nao wakatazama chini, mabega yakiwatikisika. Mzee Kitundu hakucheka. Alifunga kopo lake, akasema neno limekwisha, akaondoka akalale. Msengi alibaki amesimama na kamba yake. Baadaye naye akaenda.

Wiki haikuisha akarudi, mchana kweupe, peke yake, na kikapu. Akasimama mbali kidogo na mlango, akabisha hodi kwa sauti ndogo. Sikumwuliza amefuata nini. Nilikwenda kihengeni nikampimia mtama, kikapu kikajaa, nikamtengea mbele yake. Hakukigusa kwanza.

"Shemeji," akasema, "hii shombo inatoka ukiuosha?"

"Haitoki," nikamwambia.

Akajitwika kikapu, akaondoka nao. Mimi nikashuka ziwani.